Mji wa Mitende Kando ya Bahari

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za mji mmoja ulio mbali sana na kwetu Moshi, katika nchi ya Tunisia, kaskazini kabisa mwa Afrika. Jina lake huandikwa Gabès. Nilikwenda kuutazama mwezi wa Oktoba mwaka 2024, wala sikwenda kwa biashara. Nilikwenda kwa ajili ya mfongo.

Wasikilizaji walio mbali na Kilimanjaro pengine watauliza, mfongo ni nini? Ni mfereji uliochimbwa na wazee wetu zamani sana, kwa majembe na vijiti, ukianzia kwenye banio la mto juu msituni, ukazunguka vilima na kuvuka makorongo hata kufika migombani. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Siku ya kuzibua mfereji kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa faini.

Basi, masika ya mwaka ule mvua zilikuwa kubwa mno, na mafuriko yakalibomoa banio la mfongo wa ukoo wetu huko Uru. Tulipokutana, vijana walisema, "Tuna maji ya bomba, mfongo wa nini tena?" Wazee wakakasirika, na mkutano ukavunjika kwa maneno makali ambayo si mazuri kuyarudia hapa. Baba yangu mdogo alinishika mkono njiani akasema, "Wewe umesoma vitabu. Hakuna watu wengine duniani wanaoishi kwa maji ya zamu? Nenda ukawatazame, kisha uje utuambie." Nadhani alisema hivyo kwa kuchoka tu. Lakini binti yangu alikuwa akisoma katika chuo kimoja mjini Tunis, naye alikuwa ameniita mara nyingi. Na katika kitabu nilikuwa nimesoma juu ya Gabès. Nikauza ng'ombe mmoja, nikaongeza akiba yangu, nikaondoka.

Kutoka Tunis hata Gabès ni safari ya kilomita 400 hivi kuelekea kusini. Tulipanda gari dogo la abiria wanane, ambalo halina saa maalumu ya kuondoka. Huondoka linapojaa, kama yale ya stendi yetu. Karibu na Sfax mizeituni imepandwa kwa mistari iliyonyoka, shamba juu ya shamba, hata macho yakachoka. Baadaye mizeituni ikapungua, nchi ikawa kavu na ya rangi ya vumbi, mfano wa nyika ya kuelekea Taveta wakati wa kiangazi. Mara tukaona mbele yetu ukuta mweusi wa mitende, na nyuma ya mitende, bahari.

Mahali kama hapo, penye maji na miti katikati ya nchi kavu, huitwa oasisi. Oasisi nyingi zimo ndani ya jangwa, mbali na pwani. Hii ya Gabès iko ukingoni mwa bahari ya Mediterania, na husemwa kuwa ndiyo ya pekee ya namna yake katika pwani zote za bahari hiyo. Na bahari yenyewe ina jambo la kushangaza. Mahali pengi katika Mediterania maji hayapandi wala kushuka ila kidogo sana, lakini katika ghuba ya Gabès hupanda hata kufika mita 2 hivi. Kwa mtu wa Tanga, aliyezoea maji kupwa na kujaa zaidi ya mita 3, hilo si kitu.

Kabla ya kuingia shambani tulipita katika soko liitwalo Jara. Hapo huuzwa hina, nayo ni mali kubwa ya Gabès: unga wa kijani umerundikwa makapuni kama vilima vidogo. Zipo pia kofia na vikapu vilivyosukwa kwa makuti ya mtende. Mimi nisiyejua Kiarabu nilifurahi kusikia maneno niliyoyafahamu: hina, saa, bahari. Asubuhi watu huuza maji ya mtende yaliyogemwa, matamu kama asali; ukiyaweka hata jioni huchacha na kuwa tembo, kama tembo la mnazi la pwani yetu. Niliyanywa asubuhi. Ya jioni sikuyajaribu, maana nilikuwa pamoja na binti yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye neno nililolifuata. Nilipoingia katika bustani za oasisi nilisimama kimya. Juu kabisa ni mitende, ambayo majani yake huzuia jua kali. Chini ya mitende ni mikomamanga, mitini na mizabibu. Chini yake tena, ardhini, ni mboga, hina na majani ya mifugo. Ghorofa tatu za mimea katika shamba moja! Nikasema moyoni, hiki ni kihamba. Kwetu mringaringa na miti mingine mirefu husimama juu, migomba katikati, kahawa chini ya migomba, na chini kabisa magimbi na maharage. Watu hawa na sisi hatukuonana kamwe, nao wamefikiri kama tulivyofikiri.

Na si fikira ya jana. Yuko Mrumi mmoja, jina lake Pliny, aliyekufa mwaka 79, ambaye aliandika juu ya mji huu, wakati huo ukiitwa Tacape. Alieleza kwamba chini ya mtende hupandwa mzeituni, chini ya mzeituni mtini, kisha mkomamanga, kisha mzabibu, kisha ngano na kunde na mboga, vyote kwa mwaka mmoja. Na kwamba chemchemi ni kubwa, lakini maji hugawiwa wenyeji kwa saa zilizowekwa. Fikirini, zamu ya maji miaka 1900 na zaidi iliyopita! Ibn Battuta naye, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Gabès miaka michache kabla ya kuja kwetu, akazuiliwa na mvua huko kama siku 10. Mimi sikuona hata tone.

Siku ya pili nilifanya kosa. Nilikuwa nikitembea kando ya mfereji mdogo, macho yangu juu kwenye tende, nikakanyaga tuta la udongo linalogeuza maji. Tuta likabomoka, maji yakaanza kukimbilia shamba la jirani. Mzee mmoja akatoka mbio na jembe lake la mpini mfupi, akipiga kelele. Binti yangu alitaka kuomba radhi kwa Kifaransa, lakini mimi sikungoja. Nilijua vyema maana ya kumwibia mtu maji ya zamu yake. Nilivua viatu, nikaingia mferejini, nikapiga udongo kwa mikono hata maji yakarudi njia yake. Kwetu ningemletea jani la sale kumwomba msamaha. Kule halipo, nikasimama tu na matope hata magotini.

Yule mzee alinitazama, kisha akacheka. Mjukuu wake, aliyemwita "ami" kama tunavyomwita baba mdogo kwa Kiswahili cha pwani, na kumbe si mjukuu bali mtoto wa ndugu yake, akatuletea komamanga. Tukaketi. Binti yangu akawa mkalimani.

Nilimwuliza, "Chemchemi iko wapi? Nataka kuiona." Akanyamaza kidogo, akasema, "Umechelewa." Alieleza kwamba alipokuwa mtoto maji yalitoka yenyewe ardhini, yakatiririka bondeni, na watoto wakaogelea. Kisha visima virefu vikachimbwa, mji ukakua, na tangu mwaka 1972 viwanda vya kemikali vya kutengeneza mbolea kutokana na mawe ya fosfati vikajengwa pwani, karibu na oasisi. Wote walikunywa chini ya ardhi. Chemchemi zikapungua hata zikakauka. Sasa maji huvutwa kwa pampu, na mkulima hulipa kwa saa. Zamani, alisema, zamu yake ilirudi baada ya siku chache. Siku hizi hungoja wiki kadhaa. Wanawe wawili wako Ufaransa. Akanionyesha mashamba ya jirani, mitende imesimama lakini chini yake hakuna kitu, majani makavu tu.

Juu ya viwanda hivyo mzee alisema machache, lakini hewa yenyewe ilisema. Jioni upepo ulipogeuka tulisikia harufu inayokwaruza koo. Uchafu wao humwagwa baharini, na wavuvi hulalamika kwamba samaki wamepungua. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba sehemu zinazochafua zitavunjwa. Nilipofika zilikuwa zingali zikifanya kazi. Mwaka mmoja baada ya safari yangu, Oktoba 2025, watoto wa shule waliugua kwa kuvuta gesi, na watu wa Gabès wakajaa barabarani kwa maelfu kudai viwanda viondolewe. Nilipozisikia habari hizo nilimkumbuka yule mzee na komamanga lake.

Niliporudi Uru, Novemba, baba mdogo aliniuliza neno moja tu: "Wanazibua pamoja?" Nikamwambia kwamba walizibua pamoja zamani, lakini sasa pampu ndiyo yenye amri. Aliwaza, akasema, "Kwa hiyo maji yalianza kukauka, au watu walianza kuacha?" Nilishindwa kumjibu, na hata leo sijui jibu la hakika. Kwa Gabès nadhani maji yalitangulia. Kwetu naogopa kwamba watu ndio watatangulia. Wengi husema mifongo inapungua kwa sababu theluji ya Kibo inayeyuka. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1912 barafu ya mlima imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, lakini maji yetu mengi hutoka katika mvua inayonywewa na msitu, wala si katika barafu. Banio letu halikubomolewa na ukosefu wa theluji.

Niliwaeleza pia vijana kwamba mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, jirani zetu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mmoja wao akauliza, "Je, urithi huo unalipa ada ya shule?" Ni swali la haki, nami sikumkemea.

Jumamosi iliyofuata tulipanda msituni kujenga banio. Nyumba zinazokunywa mfongo ule ni 40, tukafika watu 11, na kati ya hao vijana watatu. Yule aliyeuliza habari za ada alikuwa mmoja wao. Tulifanya kazi Jumamosi nne, tukapanga mawe na kukandika udongo kwa magome ya migomba. Maji sasa yamefika hata kwa jirani yetu wa juu. Kwetu bado hayajafika, maana pamebaki mwamba mmoja unaovuja, nao tutauziba Jumamosi ijayo, mvua isiponyesha.