Mchoraji Aliyeanza kwa Kusikiliza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Singida)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa mchezo, yaani kuchora picha za vitabu vya watoto. Mfano wangu ni Ndugu John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, mwaka 1966.

Kilaka alijifunza uchoraji Dar es Salaam, katika mtindo wa Tingatinga. Mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi ya baiskeli juu ya vipande vya silingibodi. Alifariki mwaka 1972. Wengi waliomfuata walichora wanyama ili kuwauzia watalii. Kilaka aliwachukua wanyama hao hao, akawavika nguo, akawaingiza katika hadithi.

Hadithi hizo alizipata wapi? Alikwenda vijijini, akaketi na wazee, akawasikiliza. Ndipo akashika brashi.

Chukueni kitabu chake The Amazing Tree, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009. Kuna ukame, na sisi watu wa Singida ukame hatuhitaji kuelezwa. Upo mti uliojaa matunda, lakini hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Kobe analijua jina hilo. Wakubwa wanatumwa kwake, wanaambiwa, na njiani wanalisahau. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye anayelifikisha.

Ndugu zangu, hadithi zetu za Kinyaturu na Kinyiramba ni kama jina la mti ule. Sisi wakubwa tumekwisha kuzisahau nyingi. Vitabu vya Kilaka vilianza kutolewa Uswisi, kwa Kijerumani, na watoto wa huko wakazisoma hadithi za wazee wetu. Je, mtoto wa Iramba au Manyoni atasoma lini hadithi ya bibi yake?

Basi vijana, likizo ijayo kila mmoja aende nyumbani na daftari. Waulizeni babu na bibi, andikeni mnayoambiwa, na mwenye mkono wa kuchora achore. Nasi tuliomaliza zamani, tusimwambie mtoto anayechora kuwa anapoteza wakati. Tumnunulie rangi.