Shingo Ikipinda, Ikumbukwe Dawa

Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi wa Migato



Dawa za magonjwa ya akili humwezesha mtoto kulala, kutulia na kurudi darasani. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo dawa hiyo hiyo humdhuru, nasi wa nyumbani ndio tunaoona kwanza.

Mtoto aliyeanzishiwa haloperidoli au klopromazini aweza, katika siku chache za mwanzo au baada ya dozi kuongezwa, kupinda shingo, kugeuza macho juu, kukaza taya au kutoa ulimi nje. Wapo watakaosema ni degedege; wengine watasema ni mashetani. Tofauti ni hii: mwenye degedege la mwili mzima hupoteza fahamu, ilhali mtoto huyu anakusikia, anakuelewa na anaogopa. Misuli yake imekazwa na dawa. Sindano stahiki humfungua, mara nyingi ndani ya nusu saa. Lakini misuli ya koo ikikaza, pumzi huziba. Kumpitisha kwanza kwa mganga ni kumpotezea muda asionao.

Dalili nyingine za hatari ni hizi:

- Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Isidhaniwe kuwa malaria tu. Mweleze mtoa huduma dawa anazotumia mtoto.
- Upele, malengelenge au vidonda vya mdomo na macho, hasa katika wiki za mwanzo za kabamazepini.
- Usingizi mzito asioamshika, au pumzi hafifu.
- Kauli za kutaka kufa au kujidhuru baada ya kuanza dawa za sonona.

Ukiona mojawapo, usimpe dozi inayofuata kabla hajaonwa. Mpeleke kituo cha karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiwa na pakiti ya dawa na daftari lake la kliniki. Anayetaka kujidhuru asiachwe peke yake.

Kwa kinywa kukauka au kusinzia kidogo, usikatishe dawa kwa uamuzi wako; ulizia kliniki. Kuacha fenobabitoni ghafla huweza kuleta degedege mfululizo.

Mwisho, mwombe mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa ya mtoto mmoja hulinda wengine.