Bao Darasani Si Kupoteza Wakati

Hotuba ya Afisa Elimu Kata katika mkutano wa wazazi wa Darasa la Tatu



Nimepokea malalamiko ya baadhi yenu kwamba watoto wanacheza bao saa za masomo. Ni kweli, wanacheza. Mzazi aliyekubali mtoto asimsaidie shambani ili akasome ana haki ya kuuliza, nami nina wajibu wa kujibu.

Bao letu lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Mtoto anapoyahesabu na kupata 32, amekwisha kuona kwa macho maana ya 4 mara 8. Kete ni 64. Wakizigawana wawili, kila mmoja hupata 32. Wakizigawana wanne, kila mmoja hupata 16. Hapo wamegawanya kabla mwalimu hajaandika alama ya kugawanya ubaoni. Tena, anayetaka kushinda hana budi kukadiria kete zake zitaishia shimo lipi, naye hukadiria kichwani, bila kalamu.

Mtoto aliyekariri jedwali bila kulielewa hulisahau upesi. Asipoelewa, huogopa, akiogopa, huchelewa, kisha hutoroka, na mwisho huacha shule. Mtoto huyo ndiye aliyetufanya tulete bao darasani.

Hata hivyo, mchezo usio na mpaka si somo. Ndiyo maana mwalimu hutenga sehemu ndogo tu ya kipindi kwa bao, kisha kila mwanafunzi huandika hesabu zake katika daftari, na mwalimu husahihisha. Basi mtoto akirudi nyumbani, msiishie kumwuliza kama amecheza. Mwombeni daftari, mtazame alichoandika. Daftari likiwa tupu, njooni mtuulize.

Ndugu wazazi, leo siombi fedha. Mashimo tunayachimba wenyewe chini ya mwembe. Tunachohitaji ni komwe, au mawe madogo yanayolingana. Nanyi wazee mnaolijua bao, tunawaomba mfike shuleni mtufundishe, kwani baadhi ya walimu, nami nikiwa mmojawao, tumejifunza ukubwani na bado tunafungwa na watoto.