Baiskeli Inapopotea Ndani ya Faili: Mhadhara wa Umma Kuhusu Kumbukumbu za Majeruhi



Katika vyumba vingi vya dharura vya Afrika Mashariki, majeruhi wa barabarani huandikiwa herufi tatu tu kwenye faili: RTA, kifupi cha Kiingereza cha “ajali ya barabarani”. Abiria aliyerushwa nje ya basi, mtembea kwa miguu aliyegongwa na bodaboda na fundi aliyeanguka na baiskeli yake kwenye shimo la barabarani, wote huingia wodini kwa herufi hizo hizo. Jeraha litatibiwa, na pengine litatibiwa vizuri. Baiskeli hubaki getini na haitaonekana tena katika takwimu za wilaya wala za taifa.

Chombo cha kuzuia upotevu huo kipo. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi, ulipitishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1990 na kuanza kutumika 1994. Kwa majeruhi, unadai maswali mawili yajibiwe: ameumia wapi, na ameumiaje. Jibu la kwanza huwekewa misimbo ya S na T. Mtulinga uliovunjika ni S42.0, mkono uliovunjika karibu na kifundo cha mkono ni S52.5, na jeraha la ndani ya fuvu ni S06. Jibu la pili, kwa ajali za vyombo vya usafiri, huwekewa V, na wapanda baiskeli wametengewa V10 hadi V19.

Hapo kila namba ina habari yake. V12 ni baiskeli iliyogongana na pikipiki au bajaji, V13 gari dogo, V14 lori au basi, V17 kitu kilichosimama kama nguzo, na V18 ni mtu aliyeanguka bila kugongana na chochote. Baada ya nukta, 4 humaanisha mwendesha baiskeli aliyeumia katika barabara ya umma, na 5 abiria wake. Wilaya yenye V14.4 nyingi ina tatizo la malori na baiskeli kubanana katika njia moja. Yenye V18.4 nyingi iangalie mashimo, breki na taa. Mhandisi wa barabara anayepewa neno “ajali” peke yake hana pa kuanzia.

Nafasi ya abiria inastahili kutazamwa kwa makini katika ukanda huu. Bodaboda yenyewe, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia, mto ukiwa umefungwa juu ya keria. Hadi leo watoto hupakiwa nyuma ya baiskeli miguu ikining’inia, na kisigino kikiingia kwenye spoki gurudumu likiwa linazunguka, ngozi huchanika na kupondwa kwa pamoja. Siku ya kwanza kidonda kinaweza kuonekana kidogo, na siku chache baadaye ngozi iliyopondwa ikafa. Faili lililoandikwa “kidonda cha mguu” halimwandai muuguzi wa zamu inayofuata, wala halimwambii yeyote kwamba kinga ya spoki ingetosha kumwokoa mtoto huyo.

Hatari zaidi ni ncha ya usukani. Mtoto anaanguka kwa mwendo mdogo, usukani unageuka, na ncha yake inampiga tumboni. Juu ya ngozi huonekana alama ndogo ya mviringo, au isionekane kabisa. Ndani, kongosho limebanwa kwenye uti wa mgongo, au ini na wengu vimepasuka, na dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi, hata siku. Daktari akiandika “maumivu ya tumbo”, anayepokea zamu usiku anaweza kufikiria minyoo au malaria. Akiandika “alipigwa tumboni na ncha ya usukani wa baiskeli saa kumi jioni”, mwenzake atajua huyu si wa kurudishwa nyumbani na vidonge. Kumbukumbu ni tiba kabla haijawa takwimu.

Msimbo hauwezi kuwa bora kuliko sentensi iliyouzaa. Ofisa kumbukumbu haruhusiwi kukisia, huainisha kilichoandikwa. Akikuta “ajali ya baiskeli” bila zaidi, hana budi kuishia V19, ghala la wasiojulikana walivyoumia. Akikuta RTA tupu, hata V19 haifikii. Si haki kumlaumu yeye.

Mfano wa sentensi inayotosha ni huu: “Mwendesha baiskeli, hakuvaa kofia ngumu, aligongwa kwa nyuma na gari dogo barabarani, akaangukia bega la kulia, hakupoteza fahamu.” Kutokana nayo hupatikana S42.0, picha ikithibitisha, pamoja na V13.4. Marekani, inayotumia toleo lake lililopanuliwa tangu Oktoba 2015, ingeandika V13.4XXA, herufi ya mwisho ikionyesha kwamba matibabu ya jeraha bado yanaendelea.

Faida ya kuandika habari za namna hii imeshaonekana. Mwaka 1989 watafiti wa Seattle walichapisha matokeo kutoka vyumba vya dharura vya hospitali tano: kofia ngumu ilipunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 85, na la ubongo kwa asilimia 88. Hesabu ya namna hiyo haiwezekani mahali ambapo hakuna anayeandika kama majeruhi alivaa kofia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na asilimia 6 ni waendesha baiskeli. Polisi hawawezi kuijaza picha hiyo peke yao; PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, humfuata aliyepitia kituoni, na anayeanguka mwenyewe mara nyingi hupitiliza hadi hospitali au huenda nyumbani.

Kwa hiyo vyuo vya afya viwafundishe wanafunzi kuandika chanzo cha jeraha tangu mwaka wa kwanza wa wodini, na viwapime kwa hilo katika mtihani. Hospitali nazo ziongeze mistari minne katika fomu ya mapokezi: alikuwa nani barabarani, aligongana na nini, wapi, na alivaa nini kichwani. Mistari hiyo haihitaji mashine mpya wala bajeti ya wizara, na inaweza kuanza kujazwa Jumatatu.