Tufungue Stoo Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya

Hotuba ya Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za sharika na wafadhili



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kati ya kompyuta 14 za ofisi yetu, 9 hazikuweza kupokea Windows 11. Wazo letu la kwanza lilikuwa kuandaa andiko la mradi ili tuombe fedha za kununua mpya.

Kabla ya kuandika, tulifungua stoo. Tuliona aibu. Kompyuta za msaada, printa na monita nzito za zamani zilikuwa zimerundikana hadi darini. Tena tulikumbuka kwamba nyaya nyingine tulikwisha kuzichoma nyuma ya ofisi, na moshi wake ukaingia kwa majirani.

Uchumi wa mzunguko unatufundisha kwamba kifaa kisitoke dukani kikaenda moja kwa moja jalalani. Kitumike kwa muda mrefu, kitengenezwe, apewe mwingine, kitolewe vipuri, na mwisho madini yake yarudi kiwandani. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya kompyuta ya mkononi hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla hatujaiwasha. Kwa hiyo kila mwaka tunaouongeza ni faida.

Tulimwita fundi. Aliweka diski mpya za SSD, akaongeza kumbukumbu na kuingiza mfumo wa Linux, ambao ni wa bure. Kompyuta 7 zinafanya kazi hadi leo. 2 zimekuwa vipuri. Hata hivyo, programu ya uhasibu haikukubali Linux, ikatulazimu kumnunulia mhasibu kompyuta moja mpya. Moja, siyo tisa.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Zile monita nzito zina madini ya risasi ndani ya vioo vyake. Zikivunjwa ovyo, watoto wetu ndio wanaoumia.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa upendo: kompyuta isiyowaka si msaada. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivushwe mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Gharama za fundi na vipuri zitatufaa kuliko kontena la vifaa vichovu.

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo manne:

1. Kila usharika uwe na daftari la vifaa vyake.
2. Bajeti iwe na fungu la matengenezo.
3. Diski ifutwe kabisa kabla ya kompyuta kutolewa, maana ina majina ya watoto na wagonjwa tunaowahudumia.
4. Asiwepo wa kuchoma nyaya tena.

Sisi tumeanza na stoo yetu. Nanyi mkifika nyumbani, fungueni ya kwenu.