Mtoto na Mzazi Asiyeishi Naye: Kazi ya Msimamizi Wanapokutana Chini ya Uangalizi



Wazazi wakiachana, ugomvi wao huhamia kwa mtoto upesi sana. Mama anasema, "Hatoi matunzo, mtoto hamwoni." Baba anajibu, "Simwoni, sitoi." Maafisa ustawi wa jamii mliomo humu mnayasikia maneno haya kila mara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuyafunga pamoja mambo hayo mawili. Kifungu cha 26 kinampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Matunzo yana njia yake ya kudaiwa, na anayedaiwa ni mzazi. Mtoto hadaiwi na mtu.

Kukutana chini ya uangalizi kunafaa pale ambapo mzazi na mtoto wamepoteana kwa muda mrefu, au mzazi ana tatizo la ulevi, au kuna hofu ya mtoto kutoroshwa. Penye ukatili tusiharakishe. Kuwepo kwa msimamizi chumbani hakumwondolei hofu mtoto aliyeumizwa, na kwa mama aliyekuwa akipigwa, saa ya kukabidhiana mtoto mlangoni ni saa ya hatari. Kwa hiyo anayekuja kumwona mtoto afike robo saa kabla, aingie ndani, na atoke mtoto akiwa ameshafika mbali. Wazazi wasikutane kabisa.

Mahali penyewe pananisumbua zaidi. Ofisi zetu nyingi ni meza, mafaili na benchi. Mtoto wa miaka minne akikalishwa kwenye benchi hilo mbele ya baba asiyemkumbuka, atanyamaza saa nzima, na baba ataondoka akiamini kuwa mtoto amejazwa maneno. Tandikeni mkeka. Mwambieni baba avue viatu, akae chini, amenye chungwa taratibu bila kumwitaita mtoto wala kumvutia mapajani. Mwacheni mtoto asogee kwa wakati wake, hata kama siku ya kwanza ataishia kupokea kipande kimoja tu. Baba akiuliza, "Nyumbani kwenu anakuja nani?", msimamizi amkatize hapo hapo kwa upole.

Familia nyingi hupenda shangazi au bibi ndiye asimamie. Silipingi hilo, kwa kuwa mtoto amemzoea na gharama ni ndogo. Ila shangazi ni dada wa baba, na mama analijua hilo vizuri. Akubaliwe na pande zote mbili, tena awe mtu anayeweza kumwambia kaka yake, "Basi, leo inatosha."

Katika taarifa, andikeni mlichokiona. "Mtoto hampendi baba yake" ni hukumu. "Alijificha nyuma ya kiti, baada ya dakika kumi akapokea chungwa" ni jambo ambalo hakimu anaweza kulipima. Mtoto akikojoa kitandani usiku wa siku waliyokutana, hilo peke yake halithibitishi kuwa ametendewa ubaya, lakini lisipuuzwe; liulizwe na liandikwe.

Uangalizi usio na ukomo humgeuza mzazi kuwa mgeni wa kudumu. Mambo yakienda vizuri, mkeka wa ofisini ufuatwe na matembezi ya mchana, kisha kulala siku moja. Tuiombe mahakama iweke tarehe ya kulipitia upya suala hilo kwenye amri yenyewe, na siku hiyo afisa aliyeandika taarifa awepo.