Tusipite Mbio

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi kwenye mkutano wa kamati za sharika

Waheshimiwa wachungaji, wainjilisti, wenyeviti wa kamati, na ndugu zetu wafadhili mtakaoyasoma maneno haya katika jarida letu.

Kwa kawaida tukisimama mbele yenu tunaleta taarifa ya utekelezaji: kaya zilizofikiwa, miche iliyopandwa, fedha zilizotumika. Leo tunaomba tuzungumzie jambo ambalo halina nafasi kwenye fomu zetu, yaani nguvu za moyo za wale wanaoifanya kazi.

Mama mmoja anayejitolea kuhudumia wagonjwa majumbani alikuja ofisini kurudisha baiskeli na daftari. Sisi tulidhani ni suala la posho. Akatujibu kwa upole: "Siyo posho, Mratibu. Siku hizi nikiingia kwa mgonjwa simwoni mtu, naona fomu ya kujaza." Alikuwa na kaya 11. Kila mwezi tulimuuliza amefikia ngapi. Hatukuwahi kumuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali ya namna hii katika orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiotafutiwa ufumbuzi. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, na kuona kwamba huna tena unachokifanya vizuri. Kwa hiyo mama yule hakuwa mvivu, wala mtu wa imani haba.

Tulimwomba atutembeze kwenye kaya zake ili tumkabidhi mwenzake. Mvua ilikuwa imenyesha na mibuni imechanua. Njia nzima ilinukia. Katika nyumba ya tatu, bibi aliyeugua kwa muda mrefu alikataa tuondoke bila kuonja ndizi mbivu alizotuwekea. Mjukuu wake akaleta kigoda kimoja, kisha akaduwaa, maana wageni tulikuwa watatu. Tukacheka sote, hata mgonjwa. Tulipotoka, mama yule akasimama njiani akasema: "Haya yote yalikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa napita mbio."

Hakubadili uamuzi wake siku ile. Alipumzika miezi mitatu, kisha akarudi. Sasa anahudumia kaya 4.

Wapendwa, tusidanganyane. Harufu ya maua haipunguzi mzigo wa kaya 11. Mzigo ule tulipaswa kuupunguza sisi. Lakini hata mwenye mzigo wa kadiri huchoka akiacha kuona yanayomtia nguvu. Haba na haba hujaza kibaba, na moyo nao hujazwa hivyo hivyo.

Tukisoma 1 Wafalme 19, tunamkuta Eliya amechoka hata anaomba afe, naye alikuwa ametoka kwenye ushindi wa Karmeli. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili. Baadaye akampa na Elisha wa kumsaidia. Alipata la kumburudisha, na akapata wa kumpunguzia kazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kikao cha kamati kianze kwa dakika kumi ambazo kila mhudumu atataja jambo moja dogo lililomtia nguvu mwezi huo. Asiye nalo asilazimishwe. Huyo ndiye wa kutembelewa. Pili, hesabuni mizigo: mhudumu asipewe zaidi ya kaya 5. Tatu, ndugu zetu wafadhili, katika taarifa zijazo mtaona idadi ya kaya kwa kila mhudumu imepungua. Tafadhali msiihesabu kuwa ni kushindwa. Tunataka wahudumu hawa muwakute bado kazini miaka mitano ijayo.

Nasi wa ofisi tumeanza. Tukifika kwenye mradi, daftari linabaki kwenye mkoba mpaka tumalize kusalimiana na kunywa chai tuliyokaribishwa. Taarifa hazijachelewa kwa sababu hiyo.

Mkirudi nyumbani leo, tembeeni polepole kidogo.